Bangi na Usingizi: Jinsi ya Kupima Athari Yake na Kuurudisha Usingizi wa Kawaida

Mtu aliyezoea kuvuta bangi kila usiku kabla ya kulala, siku akijaribu kuacha, mara nyingi hukutana na mambo yaleyale. Usiku wa kwanza hugaagaa kitandani hadi karibu na alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi. Usiku wa pili hulala kidogo, kisha huamka akiwa amelowa jasho. Usiku wa tatu usingizi humchukua, lakini huja na ndoto kali za kutisha ambazo hajapata kuziota kwa miaka, na asubuhi yake huamini kwamba ameshapata ushahidi wa kutosha kuwa bila bangi yeye hawezi kulala. Jioni hiyo hurudi kuvuta, hulala fofofo, na imani yake huzidi kuota mizizi.

Kosa lake liko kwenye kipimo. Alichokipima katika siku hizo tatu si usingizi wake wa asili, bali ni ubongo uliokuwa ukijirekebisha baada ya kunyimwa kitu ulichokizoea, na hali hiyo hufikia kilele katika wiki ya kwanza ndipo ianze kupoa. Alikata tamaa wakati uleule ambapo nafuu ilikuwa inakaribia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya yule ambaye hajaanza lakini amechoshwa na kukesha na anafikiria kujaribu. Unaeleza bangi inafanya nini hasa ndani ya usingizi, namna ya kujipima kwa haki, namna ya kupunguza au kuacha bila kushindwa katika siku za mwanzo, na namna ya kuujenga usingizi upya.

Bangi inafanya nini usingizini

Kemikali inayolevya katika bangi ni tetrahidrokanabinoli, ambayo kwa kifupi huitwa THC na ambayo muundo wake ulielezwa na Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni mwaka 1964. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo kubainika kwamba ubongo wenyewe una vipokezi ambavyo kemikali hiyo hunasa, na mwaka 1992 ndipo ilipogunduliwa kemikali ya mwili inayotumia vipokezi hivyo, ikaitwa anandamidi kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa mwongozo huu, kwa sababu linaonyesha kwamba bangi haileti usingizi kutoka nje. Inaingilia mfumo ambao tayari upo mwilini na ambao unashiriki katika kupanga hofu, kumbukumbu, hamu ya kula, maumivu na usingizi. Anandamidi hutengenezwa kwa kiasi kidogo pale inapohitajika na huvunjwa upesi, ilhali THC hufika kwa wingi, hukaa muda mrefu, na huvibana vipokezi vyote kwa pamoja bila kuchagua.

Matokeo ya awali ni yale ambayo watumiaji huyaeleza kwa ukweli mtupu, na haifai kuyakana. Mawazo yanayozunguka kichwani hulegea, mwili hutulia, na muda wa kusubiri usingizi hupungua. Katika siku za mwanzo hata usingizi mzito unaweza kuongezeka kidogo. Anayeambiwa na watu kwamba bangi haimsaidii chochote, huku yeye mwenyewe ameona inavyomlaza, hupoteza imani na kila ushauri unaofuata, na ana haki ya kuipoteza.

Tatizo linaanza tunapoutazama usiku mzima badala ya nusu saa ya kwanza. Usingizi wa binadamu hupita katika mizunguko ya takriban dakika 90, na kila mzunguko una sehemu ya usingizi mwepesi, sehemu ya usingizi mzito, na sehemu ya ndoto ambayo wataalamu huiita REM, ambapo macho hucheza chini ya kope na misuli mingine hulegea kabisa. Usingizi mzito hujaa zaidi mwanzoni mwa usiku, na usingizi wa ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. THC huupunguza usingizi huu wa ndoto, na ndiyo sababu wavutaji wengi husema kwamba siku hizi hawaoti. Wapo wanaolifurahia jambo hilo, hasa waliokuwa wakisumbuliwa na majinamizi, lakini usingizi wa ndoto una kazi yake katika kupanga kumbukumbu na kutuliza makali ya hisia za siku iliyopita, na kuupunguza kila usiku kwa miezi au miaka si jambo dogo.

Jambo la pili ni mazoea. Ubongo unaopokea THC kila siku hujilinda kwa kupunguza vipokezi vyake, na picha za ubongo za watumiaji wa kila siku zimeonyesha upungufu huo waziwazi. Hapo ndipo msokoto mmoja uliokuwa ukitosha hugeuka kuwa miwili, nyongeza ndogo ya usingizi mzito iliyoonekana mwanzoni hutoweka, na mtu hujikuta akivuta ili afike tu mahali alipokuwa kabla hajaanza. Habari njema katika picha hizohizo ni kwamba vipokezi huanza kurudi siku chache tu baada ya kuacha, na hukaribia hali ya kawaida baada ya wiki nne hivi. Muda huo wa wiki nne ushike akilini, kwa kuwa ndio msingi wa kipimo kinachopendekezwa hapa chini.

Namna ya kutumia nayo ina athari yake. Bangi inayovutwa hufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake huanza kushuka baada ya saa mbili hadi nne, kwa hiyo anayevuta saa 4 usiku anaweza kujikuta macho yamemtoka saa 8 au saa 9, wakati kilichomlaza kimeshapungua. Bangi inayoliwa huchelewa kuanza, pengine kwa nusu saa, pengine kwa saa mbili, kisha hudumu saa sita hadi kumi na mbili, na hivyo hulaza kwa muda mrefu lakini huacha kichwa kizito asubuhi. Ucheleweshaji huo ndio unaowaponza wengi: mtu hula, haoni kitu, huongeza, kisha vyote viwili humjia kwa pamoja vikiwa na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio na hofu inayofukuza usingizi kabisa. Dozi kubwa ya THC huleta wasiwasi badala ya utulivu, na bangi ya leo ni kali kuliko ya zamani. Katika sampuli zilizokamatwa nchini Marekani, wastani wa THC ulipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi karibu asilimia 12 mwaka 2014. Simulizi za mzee aliyevuta ujanani na kulala vizuri hazielezi kitu kilekile.

Kuhusu kanabidioli, yaani CBD, ambayo haileweshi, mengi yanayotangazwa na wauzaji yametangulia mbele ya ushahidi. Katika dozi kubwa zinazotumiwa kutibu aina fulani za kifafa, kusinzia ni mojawapo ya athari zinazojulikana, lakini dozi ndogo zilizomo katika matone na vidonge vya madukani ni jambo lingine kabisa. CBD pia huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, zikiwamo baadhi ya dawa za kifafa na za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo anayetumia dawa hizo asiiongeze kabla ya kuzungumza na daktari wake. Vivyo hivyo kanabinoli, inayotokea THC inapozeeka na kuvunjika, husifiwa kama dawa ya usingizi kwa ushahidi mchache mno.

Hatua ya kwanza: jua unachougua

Kabla ya kuilaumu au kuisifu bangi, ni lazima ujue tatizo lenyewe ni lipi. Kukosa usingizi kunakohesabiwa kuwa ugonjwa sugu ni kule kunakotokea angalau usiku mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, ilhali nafasi ya kulala ipo, na kukifuatiwa na madhara ya mchana kama uchovu, hasira au kushindwa kufikiri. Anayelala saa tano kwa sababu kazi yake inamwamsha mapema hana ugonjwa huo; ana upungufu wa muda.

Jiulize pia kama kuna kitu kingine kinachokuamsha. Anayekoroma kwa nguvu, ambaye mwenzake ameona pumzi yake ikikatika usingizini, na ambaye husinzia mchana hata baada ya kulala saa nane, huenda njia yake ya hewa inazibazibika usiku, na hilo linahitaji kupimwa. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa tamko kwamba bangi isitumiwe kutibu tatizo hilo. Miguu inayowasha na kulazimisha kutikiswa kila ukilala, maumivu sugu, sonona, na kazi ya zamu za usiku, kila kimoja kina njia yake, na bangi huweza kukifunika kwa miaka bila kukigusa.

Hatua ya pili: andika shajara kwa wiki mbili bila kubadilisha kitu

Kumbukumbu ya mtu aliyekesha haiaminiki, na ya aliyelala akiwa amelewa haiaminiki zaidi. Kwa hiyo chukua daftari na kila asubuhi, ndani ya nusu saa ya kuamka, andika saa uliyopanda kitandani, muda unaokadiria ulichukua kupata usingizi, mara ulizoamka, saa uliyoamka kabisa, saa uliyoinuka, kama uliota, na jinsi unavyojisikia kwa alama kati ya 1 na 10. Jioni ongeza kiasi cha bangi, saa na namna uliyoitumia, pamoja na kahawa, chai, tumbaku na pombe. Usitazame saa katikati ya usiku ili upate namba kamili, kwa kuwa makadirio yanatosha na kutazama saa huongeza wasiwasi.

Baada ya wiki mbili, gawanya muda uliolala kwa muda uliokaa kitandani. Aliyepanda kitandani saa 4 usiku na kuinuka saa 12 asubuhi amekaa humo saa nane, na kama alilala saa sita tu, ufanisi wa usingizi wake ni asilimia 75. Wataalamu huchukulia asilimia 85 na zaidi kuwa hali njema. Linganisha kisha siku ulizotumia bangi nyingi, kidogo na ambazo hukutumia, lakini usifanye kosa la mtu tuliyeanza naye: kama wewe ni mtumiaji wa kila siku, usiku mmoja bila bangi haukuambii kitu.

Zaidi ya namba, shajara huonyesha mambo ambayo mtu huificha hata nafsi yake. Kiasi kimepanda? Saa ya kuanza imerudi nyuma kutoka usiku hadi jioni, na kutoka jioni hadi alasiri? Unaamka katikati ya usiku na kuvuta tena? Asubuhi kichwa kina ukungu unaoondoka tu karibu na mchana? Mambo mawili kati ya haya yakijitokeza kwa wiki zote mbili, kwa maoni yangu umeshapata sababu ya kutosha kuendelea na hatua inayofuata, hata kama bado unalala.

Hatua ya tatu: punguza au acha, ukijua kinachokuja

Asiyejua kinachokuja hushindwa hata akiwa na nia thabiti, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi. Dalili zinazofuata kuacha bangi, ambazo mitaani watu huziita arosto, zimetambuliwa rasmi katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili tangu toleo la mwaka 2013. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba huwapata asilimia 47 ya wanaotumia mara kwa mara au kwa utegemezi wanapoacha. Huanza ndani ya siku moja hadi tatu, hufikia kilele katika wiki ya kwanza, na nyingi hupungua ndani ya wiki mbili. Hasira za haraka, wasiwasi, kukosa hamu ya chakula, jasho la usiku, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi ndizo za kawaida. Usingizi na ndoto huchelewa kutengemaa kuliko dalili nyingine na huweza kusumbua kwa mwezi au zaidi, hasa kwa aliyetumia kwa wingi na kwa muda mrefu.

Ndoto kali zinahitaji maelezo yake, kwa sababu ndizo zinazowarudisha wengi. Ubongo ulionyimwa usingizi wa ndoto kwa muda hulipa deni hilo kwa mkupuo pale kizuizi kinapoondoka: usingizi wa ndoto huja mapema, hurefuka, na huwa na nguvu kuliko kawaida. Ndoto hizo zinaweza kuwa za ajabu au za kutisha, lakini hazibashiri jambo wala hazina maana kwamba akili inaharibika. Kama ndoto moja inajirudia, ipo mbinu ambayo wataalamu huitumia kwa wenye majinamizi: mchana, ukiwa mtulivu, iandike, ubadilishe mwisho wake uwe ule unaoutaka, kisha uirudie ile mpya akilini kwa dakika kumi au ishirini kila siku. Usifanye zoezi hili kitandani.

Kuna njia mbili za kuacha. Unaweza kuacha siku moja, na kwa anayetumia kidogo hiyo ndiyo njia fupi zaidi. Kwa anayetumia mara kadhaa kwa siku, kupunguza taratibu mara nyingi huvumilika zaidi, kwa mfano kuondoa robo ya kiasi cha siku kila wiki, ukianza na matumizi ya mchana, kisha ya jioni, na kuyabakiza ya usiku hadi mwisho. Kabla hata ya kupunguza kiasi, tenganisha bangi na kitanda: yasogeze matumizi ya usiku yaje mapema zaidi kwa nusu saa kila baada ya siku chache, hadi uwe unapanda kitandani ukiwa huna tena nguvu yake kichwani. Mwili umejifunza kwamba moshi ndio ishara ya kulala, na fundisho hilo huvunjwa kwa mwendo wa pole kuliko kwa kishindo.

Yapo mambo yanayoharibu kazi hii. Anayechanganya bangi na tumbaku hupata nikotini kila anapovuta, na nikotini huchangamsha ubongo na kufukuza usingizi. Akiacha vyote viwili kwa pamoja ajue anapambana na arosto mbili. Pombe isitumiwe kuziba pengo. Nayo huupunguza usingizi wa ndoto mwanzoni mwa usiku, kisha huukatakata usingizi wa nusu ya pili, kwa hiyo humtoa mtu katika shimo moja na kumtia katika lingine. Vidonge vya usingizi visimezwe bila daktari, hasa vile vinavyojenga utegemezi. Chagua pia wakati unaofaa, kwa maana ya kwamba usianze katika wiki ya mtihani, ya safari ndefu ya kuendesha gari au ya kazi ya mashine, kwa sababu usiku mbili tatu mbaya zitakuja, na mtu asiyelala barabarani ni hatari kwake na kwa wengine.

Katika siku za kilele, lengo lisiwe kulala vizuri. Lengo ni kupita. Kula hata kama hamu haipo, ukianza na vyakula vyepesi, kunywa maji ya kutosha kwa kuwa jasho huyapoteza, fanya mazoezi ya mwili mchana au mapema jioni, weka nguo kavu na shuka jingine karibu na kitanda ili usilazimike kuwasha taa zote usiku wa manane, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba kwa wiki moja huenda ukawa mkali bila sababu. Hili la mwisho huokoa nyumba nyingi.

Hatua ya nne: ujenge usingizi upya

Kuondoa bangi peke yake hakumponyi mtu aliyekuwa hapati usingizi tangu kabla hajaianza. Ipo tiba ambayo ushahidi wake umeshiba kuliko wa dawa yoyote ya usingizi, nayo ni tiba ya fikra na tabia kwa wasiopata usingizi, ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza iwe ya kwanza kwa watu wazima wote wenye tatizo sugu. Hutolewa kwa vikao vinne hadi vinane, ana kwa ana au kwa programu ya simu, na sehemu zake kuu mtu anaweza kuzianza mwenyewe.

Sehemu ya kwanza, iliyobuniwa na Richard Bootzin mwaka 1972, inakifundisha kichwa upya kwamba kitanda ni mahali pa kulala. Panda kitandani pale tu macho yanapolemewa, si pale saa inaposema ni usiku. Kitanda kisiwe mahali pa simu, hesabu, mabishano wala kazi. Ni kwa ajili ya usingizi na tendo la ndoa pekee. Ukihisi kwamba umekaa macho kwa takriban dakika ishirini, inuka, nenda mahali pengine penye mwanga hafifu, ufanye jambo la utulivu, na urudi pale unapoanza kusinzia, hata kama utafanya hivyo mara tano kwa usiku mmoja. Asubuhi amka saa ileile kila siku, zikiwamo siku za mapumziko, na usilale mchana.

Sehemu ya pili ilielezwa na Arthur Spielman mwaka 1987 na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa husikika kama adhabu: unapunguza muda wa kukaa kitandani uwe karibu na muda unaolala kweli. Kama shajara inaonyesha wastani wa saa sita, na unataka kuamka saa 12 asubuhi, basi usipande kitandani kabla ya saa 6 usiku. Usiushushe muda huo chini ya saa tano na nusu. Ufanisi ukifika asilimia 85 kwa wiki nzima, ongeza dakika 15 hadi 30, na uendelee hivyo kila wiki mpaka ufike pale unapoamka ukiwa umeshiba. Njaa ya usingizi inayojengeka katika siku za mwanzo ndiyo dawa yenyewe. Kwa aliyetoka kuacha bangi, ningeshauri sehemu hii isubiri hadi wiki ya kilele ipite, kwa kuwa kuubana usingizi uliokwisha kubanwa na arosto ni kujitwika mizigo miwili. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, au anayeendesha gari kwa kazi, asiifanye bila msimamizi.

Mengine ni ya kawaida na yanapita haraka. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kahawa na chai ya rangi zikome mchana. Toka nje upate mwanga wa jua mara tu baada ya kuamka. Chumba kiwe na giza na ubaridi kiasi.

Hatua ya tano: soma matokeo baada ya wiki nne

Rudia hesabu ya shajara siku ya 28 bila bangi, na uilinganishe na ile ya mwanzo. Usitazame tu muda wa kupata usingizi, ambao huenda bado ni mrefu kidogo kuliko ulipokuwa ukivuta. Tazama mara unazoamka, alama za asubuhi, kumbukumbu yako kazini, na kama ndoto zimerudi na kupoa. Wengi wanaofika hapa hugundua kwamba wanachukua dakika kumi au ishirini zaidi kulala lakini wanaamka wakiwa watu kamili. Kama ulirudi kuvuta usiku mmoja katikati, usianze kuhesabu upya kwa hasira. Andika kilichotokea saa moja kabla, kwa sababu hapo ndipo pana kazi ya kufanya, kisha endelea na usiku unaofuata.

Kama baada ya wiki nne hadi sita usingizi bado ni mbaya na hatua ya nne imefuatwa kwa uaminifu, huenda tatizo lililokuwa limefunikwa sasa limejitokeza, na linahitaji mtaalamu. Nenda na shajara na useme kiasi halisi cha bangi ulichokuwa ukitumia na kwa muda gani. Daktari asiyejua hilo anaweza kukuandikia dawa isiyofaa, na anayekuandaa kwa upasuaji anahitaji kulijua hata zaidi, kwa kuwa watumiaji wa mara kwa mara huweza kuhitaji dawa za usingizi na za maumivu kwa kipimo tofauti.

Wapo ambao mwongozo huu hauwatoshi tangu mwanzo. Anayetumia bangi au dawa itokanayo nayo kwa maelekezo ya daktari, kwa ajili ya maumivu sugu, ukakamavu wa misuli au kifafa, asiache peke yake, kwani usingizi wake unategemea ugonjwa huo kutulizwa. Vivyo hivyo aliyepitia vita, ajali au ukatili na ambaye bangi humzuilia majinamizi: kuiondoa bila msaada humrudisha katika matukio yale usiku kucha, na kwake tiba ya kiwewe ianze kwanza au iende sambamba na kupunguza. Vijana ambao ubongo wao bado unakua, wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye historia ya kusikia sauti au kuchanganyikiwa, wao wenyewe au katika familia, wasiitumie bangi kama dawa ya usingizi kabisa. Mahali ambapo sheria inaikataza, hakuna anayepima kilichomo, na mnunuzi hawezi kujua anameza au anavuta THC kiasi gani, jambo ambalo pekee linatosha kuifanya iwe dawa mbovu ya kupangia dozi.

Na kama wakati wa kuacha mtu atajiwa na mawazo ya kujidhuru, atasikia sauti zisizokuwapo, au atatapika mfululizo bila kuweza kuhifadhi hata maji, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri wiki ipite.